Kutoka Kuchacha hadi Kuchachusha: Lugha ya Upikaji wa Pombe Nyumbani na Ubora wa Kinachopikwa



Mwaka 1893 mwanasayansi wa Berlin, Paul Lindner, alieleza kwa mara ya kwanza aina ya hamira iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Kiumbe hicho hakikuzaliana kwa kuchipuza kitoto ubavuni kama ifanyavyo hamira ya mkate. Kilijigawa katikati, kikawa viwili. Lindner alikiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la Kiswahili liliingia hivyo katika jina la kisayansi na limebaki humo hadi leo. Mwaka 2001 Paul Nurse alitunukiwa Tuzo ya Nobel, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, kwa uchunguzi wa jinsi seli zinavyojigawa, na kazi kubwa ya Nurse ilifanywa kwa kutumia hamira hiyo. Katika maabara nyingi za ulimwengu neno pombe hutamkwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuuliza ni la lugha gani.

Jambo linalostahili kuwashughulisha wanaisimu ni kwamba neno hilo lililosafiri mbali ndilo pana kuliko yote katika uwanja wake, na kwa sababu hiyo ndilo lenye taarifa chache zaidi. Chini yake yamo maneno ambayo hayakusafiri: kimea, chachu, togwa, machicha, kuvundika, kugema, vuguvugu. Hayo ndiyo maneno ambayo mpika pombe huyatumia akiwa kazini, na ndiyo yanayoamua kama kitakachotoka mtungini kitanyweka au kitamwagwa. Mhadhara huu unahusu maneno hayo. Hoja yake ni kwamba anayepika pombe nyumbani kwa kujifurahisha huboresha kazi yake kadiri anavyoweza kutenganisha, kwa maneno, hatua ambazo lugha ya kila siku imezikusanya pamoja. Na kwamba kwa mzungumzaji wa Kiswahili sehemu kubwa ya maneno hayo tayari ipo, ila imeachwa nje ya vitabu.

Mtu huyo anaweza kuitwa mpikaji wa ridhaa, kwa mfano wa wanamichezo wa ridhaa ambao hucheza bila malipo. Nchini Uingereza sharti la leseni kwa anayepika bia nyumbani kwa matumizi yake liliondolewa mwaka 1963. Marekani sheria ya namna hiyo ilitiwa saini mwaka 1978 na kuanza kutumika mwaka 1979. Tangu hapo Kiingereza kimejijengea maandishi mengi katika uwanja huu: vitabu, mashindano, hata mitihani ya majaji. Mswahili anayetaka kujifunza husoma maandishi hayo, kisha huyageuza kichwani mwake, na hapo ndipo makosa mengi huanza. Itafaa kueleza mapema kwamba kinachozungumziwa hapa ni vinywaji vya kuchachusha tu. Vile vinavyopatikana kwa kukusanya mvuke, kama gongo na chang'aa, vina hatari zake na sheria zake, na hata kwa pombe ya kawaida mpikaji hana budi kuijua sheria ya nchi yake kabla hajanunua ndoo.

Kitenzi kinachoficha

Kwa Kiswahili tembo hugemwa, pombe hupikwa. Tofauti hii si ya urembo. Mgema hapiki kitu. Hukata ncha ya ua la mnazi ambalo halijafunguka, akatundika kibuyu, na kinachodondoka humo tayari kina sukari. Ndivyo afanyavyo pia mgema wa ulanzi katika mikoa ya Iringa na Njombe: wakati wa mvua hukata ncha ya chipukizi changa la mwanzi na kukinga utomvu kwa mbeta. Chachu huja yenyewe kutoka hewani na kutoka chomboni, na tembo lililokuwa tamu asubuhi huwa kali jioni. Kitenzi -gema kinaeleza kazi yote kwa ukamilifu.

Kitenzi -pika, kinyume chake, kinaficha. Nafaka haina sukari ya kutosha. Ina wanga, na chachu haili wanga. Lazima wanga ugeuzwe sukari kwanza, na wanaoifanya kazi hiyo ni vimeng'enya vinavyojitokeza ndani ya punje inapoota. Ndiyo maana ya kimea. Sasa mpikaji anayeanza husikia kwamba pombe hupikwa; huchukua unga wa kimea, huutia majini na kuuchemsha kwa bidii. Matokeo yake ni uji mzito ambao hauwi mtamu hata ukikaa kutwa. Vimeng'enya vya kimea huharibika joto linapopita nyuzi 75 au 78 za Selsiasi, na maji yachemkayo yako mbali juu ya hapo. Amepika kweli, na ameua kile alichokihitaji.

Anayefuata kitabu cha Kiingereza huepuka kosa hilo, kwa kuwa lugha hiyo ina kitenzi maalumu cha kuweka kimea katika maji ya moto yasiyochemka. Lakini huangukia lingine. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya shayiri, ambayo wanga wake hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, joto ambalo vimeng'enya bado vinalistahimili. Kwa hiyo shayiri hulainika na kugeuzwa sukari katika chungu kimoja na kwa wakati mmoja. Mtama na mahindi havifanyi hivyo. Wanga wa nafaka hizo huhitaji joto kubwa zaidi, karibu nyuzi 70 au kupita, na hapo vimeng'enya vimekwisha kudhoofika. Mtu anayefuata maelekezo ya shayiri huku ndani ya chungu mna mtama atapata pombe nyepesi yenye wanga mwingi uliobaki, na atadhani kosa ni la hamira.

Ajabu ni kwamba tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa zamani na watu ambao hawakuwa na kipimajoto. Angalia togwa. Uji wa mahindi au mtama hupikwa hadi uive. Huepuliwa. Huachwa upoe hadi uwe vuguvugu. Ndipo hutiwa unga wa kimea cha ulezi, na mara uji uliokuwa mzito hulainika na kuwa mwepesi na mtamu. Moto mkali umefanya kazi yake kwa wanga kwanza, na kimea kimekuja baadaye kikiwa hai. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania waliitumia hatua hiyohiyo kwa uji wa watoto wachanga, ili uji ubebe unga mwingi bila kuwa mzito wa kumeza.

Busaa ya magharibi mwa Kenya hufuata mantiki hiyo kwa njia nyingine. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ubadilike rangi, na baada ya hapo ndipo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kukaanga huko si kwa ajili ya rangi na harufu peke yake, japokuwa harufu yake haisahauliki. Wanga unaiviswa kabla haujakutana na kimea.

Mpikaji wa ridhaa anayetumia kimea cha mtama peke yake anaweza kufuata njia iliyo katikati. Huloweka unga wa kimea katika maji ya vuguvugu, huuacha utuame, huengua maji ya juu ambamo vimeng'enya vimeyeyuka, huchemsha makapi yaliyobaki hadi yaive, huyapoza hadi nyuzi 65 au 70, kisha hurudisha yale maji aliyoyaengua. Vitenzi vyote hivyo, -loweka, -tuama, -engua, -chemsha, -iva, -poza, vinajulikana na mtoto wa shule ya msingi. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kamati ya istilahi. Kilichohitajika ni kuvipanga.

Isidhaniwe kwamba msamiati wa asili unatosha kwa kila jambo. Vuguvugu ni neno zuri kwa togwa, ambako mkono ndio kipimo na makosa ya nyuzi tano hayadhuru. Kwa bia ya shayiri tofauti ya nyuzi 63 na nyuzi 69 ni tofauti ya pombe kavu na pombe nzito yenye utamu, na mkono wa mtu hauwezi kuitambua. Hapo kipimajoto kinunuliwe.

Kimea na kinachoachwa nje ya fasili

Msomaji akifungua kamusi zetu atakuta mbege, ulanzi, wanzuki, busaa na nyinginezo, na kwa kawaida fasili itakuwa ya namna moja: pombe inayotengenezwa kwa kitu fulani. Malighafi hutajwa, kazi huachwa. Kwa msomaji anayetaka tu kuelewa sentensi ya riwaya hilo linatosha. Kwa neno kimea halitoshi, na sababu yake ni nzito.

Ukisema kimea ni nafaka iliyooteshwa, umesema kweli. Lakini mwanamke anayetengeneza kimea cha mtama hufanya zaidi ya kuotesha. Huloweka mtama siku moja hivi, huutandaza na kuufunika uote kwa siku tatu hadi tano, huanika, kisha hufikicha ili mizizi na machipukizi yatoke, hupepeta, ndipo husaga. Kufikicha na kupepeta huko si usafi wa kupendezesha macho. Mtama unapoota hutengeneza kiasili kiitwacho dhurini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi, na sehemu kubwa ya kiasili hicho hukaa katika chipukizi na mizizi. Kuviondoa hupunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Fasili inayoishia kwenye kuotesha imeacha nje hatua inayomlinda mnywaji, na mpikaji wa mjini aliyejifunza kimea kutoka kwenye kamusi au kutoka kwenye mfuko wa shayiri iliyosafishwa kiwandani hana namna ya kulijua hilo.

Ndizi zina njia yake. Ndizi mbichi nayo ni wanga mtupu, na hapa Kiswahili kina kitenzi -vundika, ambacho wengine hutamka -vumbika: kufunika matunda mahali pa joto ili yaive. Kuvundika na kuotesha, ambavyo kwa mtazamo wa kamusi havina uhusiano wowote, kikemia ni kazi moja, yaani kuufanya mmea wenyewe ugeuze wanga wake kuwa sukari. Wahaya wa Kagera hukamua ndizi zilizovundikwa kwa kuzikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na juisi hiyo hutiwa mtama na kuwa lubisi. Wachaga huchemsha ndizi mbivu na kuziunganisha na uji wa kimea cha ulezi, na gome la mti uitwao msesewe huleta uchungu katika mbege kama maua ya hopi yanavyoleta uchungu katika bia. Umbo la -vundika liko jirani mno na -vunda, kuoza. Mpikaji aliyesahau ndizi zake siku mbili zaidi anaijua njia fupi iliyo kati ya vitenzi hivyo viwili.

Hapa linajitokeza suala la istilahi. Baada ya kimea kugeuza wanga, na kabla ya chachu kutiwa, mpikaji ana kimiminika kitamu kisicho na kileo. Mfasiri wa haraka angekiita woti, kwa kutohoa Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likihimiza kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kubisha hodi ugenini. Kwa utaratibu huo togwa linastahili kufikiriwa mwanzo, kwa kuwa ni kinywaji kitamu cha nafaka kabla hakijawa pombe. Wanaopinga watasema kwamba togwa ya mahali pengi huwa na uchachu kidogo na hunywewa ilivyo, na pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo neno la kawaida linaweza kubanwa maana linapoingia katika taaluma. Mizizi ya hesabu haioti ardhini. Woti, kwa upande wake, halimwambii mtu chochote.

Chachu, hamira na tunda la mwegea

Maneno mawili ya Kiswahili hutumika kwa kile kinachogeuza sukari kuwa kileo. Hamira lilitoka Kiarabu na leo ni kitu cha dukani, unga wa kwenye pakiti. Chachu ni neno la Kibantu, na mara nyingi ni kile kilichohifadhiwa kutoka pishi lililopita: mashapo ya chini ya mtungi, donge la unga wa jana. Wafasiri wa Biblia walichagua chachu, na walichagua vizuri, maana kisa cha mikate isiyotiwa chachu ni kisa cha watu ambao hawakuwa na muda wa kuingojea.

Tofauti hiyo ina manufaa kwa mpikaji. Hamira ya mkate na hamira nyingi za bia ni spishi moja, Saccharomyces cerevisiae, lakini ile ya mkate imechaguliwa kwa sababu hutoa gesi haraka. Haikuchaguliwa kwa ladha, na haitulii vizuri chini ya chombo. Anayeitumia atapata pombe, ila itakuwa na ukungu na harufu ya unga. Pakiti ya gramu 11 ya hamira ya bia inatosha ndoo ya lita 20, na huenda hakuna badiliko jingine la bei ndogo linaloonekana haraka kiasi hicho kwenye bilauri.

Chachu ya kuhifadhi ni habari nyingine. Wakikuyu hutengeneza muratina kwa asali au miwa, na kiini cha kazi yao ni tunda la mwegea lililoandaliwa na kukaushwa. Tunda hilo likishatumika huanikwa na kutunzwa, kwani katika nyuzi zake chachu imejificha ikingoja pishi lijalo. Magharibi mwa Norway wakulima walikuwa na desturi inayofanana: chachu yao ya ukoo waliikausha juu ya pete za mbao na kuirithisha. Waliiita kveik, neno la lahaja lenye asili moja na maneno ya kale ya lugha zao yenye maana ya kilicho hai. Katika miaka ya 2010 neno hilo la wakulima liliingia katika msamiati wa wapikaji wa ridhaa wa dunia nzima, na leo chachu hiyo huuzwa kwenye pakiti yenye jina hilohilo, kwa sababu huchachusha vizuri katika joto la nyuzi 30 hadi 40 ambalo hamira nyingine huliharibia kazi. Iliwezekana kwa kuwa kulikuwa na watu waliokwenda mashambani, wakauliza, wakaandika jina pamoja na namna ya kutumia. Mpikaji wa Dar es Salaam anayeagiza kveik kutoka ng'ambo kwa sababu ya joto la chumba chake anafanya jambo la busara. Lakini chachu za machicha ya busaa na za tunda la mwegea nazo zimeishi katika nchi zetu kwa vizazi vingi, na hakuna duka linaloziuza kwa majina yake.

Kauli ya kutendesha

Kitenzi -chacha ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote. Pombe ikichacha imekuwa pombe. Wali ukichacha umeharibika. Hali ikichacha mambo ni magumu, na kijana wa mjini akisema amechacha hana hata nauli. Katika matumizi hayo yote hakuna mtendaji. Jambo limetokea, na aliyekuwapo amelikuta limekwisha kutokea. Mpikaji anayeieleza kazi yake kwa kitenzi hicho peke yake, aseme leo imechacha vizuri na juzi ilichacha vibaya, anajiweka katika nafasi ya mtazamaji.

Kiswahili kina kauli ya kutendesha, na -chachusha inahitaji mtu. Nani amechachusha, kwa chachu gani, katika joto gani, kwa siku ngapi, chombo kikiwa wazi au kimefunikwa? Si kwamba kiambishi kinatengeneza pombe. Ni kwamba sentensi yenye -chachusha huacha mapengo yanayodai kujazwa, na kila pengo ni jambo ambalo mpikaji anaweza kulibadilisha pishi lijalo. Wanafunzi wa sintaksia wanaweza kuona hapa kwa nini suala la idadi ya vishiriki vya kitenzi si la darasani tu.

Joto ndilo pengo la kwanza. Hamira nyingi za bia hupendelea nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha pwani kina 28 au 30, na pombe inayochachuka huongeza joto lake yenyewe nyuzi kadhaa juu ya hapo. Matokeo yake ni kileo kizito chenye ukali unaochoma koo na kuumiza kichwa asubuhi. Mtungi wa udongo ulikuwa na jibu la tatizo hilo: maji hupenya katika udongo, huvukiza nje, na huondoka na joto. Ndoo ya plastiki haifanyi hivyo, lakini ikisimamishwa katika beseni la maji na kuvikwa kitambaa kilicholowa hupata sehemu ya faida hiyo. Katika nchi kavu za bara njia hii hufaa sana. Pwani, ambako hewa yenyewe imelowa, hufaa kidogo. Njombe mwezi wa Julai shida hugeuka, chachu hulala, na ndoo huhitaji blanketi.

Hewa ni pengo la pili. Mwanzoni chachu huhitaji hewa ili iongezeke, na baadaye hewa ni adui. Watu wa pwani wanajua kwamba tembo likiachwa huwa siki, na siki hiyo hutumika jikoni. Kwao si hasara. Bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki huhitaji hewa, hivyo kifuniko chenye mrija wa kutolea gesi tu huwanyima nafasi. Usafi unafuata, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo haijatumika. Kuosha ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kutakasa kunaweza kuwekewa maana ya kuua visivyoonekana. Kabla ya kuchemsha, chombo kilichooshwa kinatosha. Baada ya togwa kupoa, kila kitu kitakachoigusa, mwiko, kata, mpira, kizibo, lazima kiwe kimetakaswa kwa maji yachemkayo au kwa dawa. Mapishi mengi ya ridhaa huharibikia hapo, mikononi mwa watu wasafi kabisa walioosha tu.

Kisha kuna kujua mwisho. Kipimo kinachoelea cha haidromita husoma, tuseme, 1.050 kabla ya chachu na 1.010 baadaye, tofauti hiyo ikizidishwa kwa 131 hutoa kileo cha asilimia 5 na kidogo. Muhimu zaidi ni kwamba usomaji usipobadilika kwa siku tatu mfululizo, kazi imekwisha. Anayejaza chupa kwa kutazama povu peke yake anaweza kuwa amefunga kizibo juu ya chachu ambayo bado ina chakula, na chupa hupasuka. Vipande vya chupa iliyopasuka vimewahi kujeruhi watu.

Maneno ya kuonjea

Tangu mwaka 1985 Marekani ina mpango wa kuwatahini majaji wa bia za ridhaa. Fomu yao ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5, na mwafaka wa jumla 10. Mtu anaweza kucheka, lakini fomu hiyo humlazimisha mwonjaji aseme zaidi ya tamu au mbaya. Inambana atenganishe.

Kiswahili kinatenganisha vizuri kuliko inavyodhaniwa. Uchungu wa msesewe si ugwadu wa embe bichi. Ukakasi, ile hali ya ndizi changa kukaza ulimi, ndilo jina kamili la kasoro inayotokea makapi ya kimea yanapooshwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Kinywaji kisicho na nguvu wala ladha ni chapwa. Kilichooza kina uvundo. Harufu za karafuu na ndizi mbivu, ambazo baadhi ya chachu za bia za ngano za Ujerumani huzitoa, mwonjaji wa Unguja au Pemba huzitaja bila kufundishwa. Bia yenye hopi iliyoachwa juani katika chupa ya kijani hupata harufu ambayo Wamarekani huifananisha na mnyama wao anayerusha uvundo. Kiswahili kina kicheche. Mbege, isiyo na hopi, haipati kasoro hiyo kamwe. Mapengo yapo pia. Harufu ya tofaa bichi, inayoashiria kwamba pombe imenyweshwa mapema mno, haina maana kwa mtu asiyekula matofaa, na mlinganisho mwingine itabidi utafutwe kwa kuonja, si kwa kufasiri.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo hufundishwa kama onyo dhidi ya majivuno, na ni sawa. Lakini ilitokana na kazi, na kwa kazi inasema jambo mahususi: mpikaji anayepewa sifa badala ya maelezo hana cha kurekebisha. Marafiki wa mpikaji wa ridhaa hunywa bure, kwa hiyo husifu. Anachohitaji ni mmoja atakayesema kwamba ya leo ina ukakasi na ya mwezi uliopita haikuwa nao, na daftari ambamo amebadilisha jambo moja tu kati ya mapishi hayo mawili.

Kwa wanafunzi wa leksikografia waliopo, kazi iliyo mbele ni ya mguu. Wajuzi wengi wa maneno haya ni wanawake wenye umri mkubwa, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na msomi yeyote isipokuwa bei. Mtafiti akifika na kuuliza kitu hiki kinaitwaje, atapewa nomino, na nomino nyingi zimekwisha kuandikwa. Aamkie kwanza, akae, angoje hadi kazi ianze, kisha aulize: "Bibi, hapo unafanya nini?" Kila mara mikono inapobadilisha mwendo aulize tena, na aandike kitenzi kama kilivyotamkwa, hata kama ni cha lugha nyingine, pamoja na kile kinachotangulia na kile kinachofuata.